Msumeno wa umeme shantieni Goma: soma dalili kabla ya damu

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kimepungua kiungo kimoja. Vijana wa shantie, yaani mahali pa ujenzi, wakiniuliza, zamani nilikuwa nawajibu, "Bahati mbaya, mwanangu." Nilikuwa nawadanganya. Siku ile tulikuwa tunapaua nyumba upande wa Keshero, na tangu saa mbili asubuhi mashine ilikuwa inalalamika: mbao zinatoka na weusi wa kuungua pembeni, diski inabanwa kila baada ya shubiri mbili, na kifuniko cha chini kimefungwa kwa waya, ule wa kufungia vyuma vya betoni, ili kisitusumbue. Saa tano na nusu nikakatwa. Saa tatu na nusu nzima nilikuwa na nafasi ya kuzima mashine na kutafuta kilichokuwa kinaiuma, nikaona heri nimalize mbao zilizobaki.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa kufuata dalili: unachokiona, unachokisikia au unachokinusa, halafu chanzo chake, halafu dawa. Naanza na mashine, namalizia na mwili. Jambo moja litangulie: kila nitakaposema fungua, gusa au kagua, fishi (plagi ya waya) iwe imechomolewa kwenye prizi (soketi ya umeme) na iko mbele ya macho yako. Siyo "nimeachia swichi". Imechomolewa.

Diski inabanwa, mbao inajifumba

Hili ndilo lililonikata mimi, kwa hiyo nivumilie nikikaa nalo.

Unasukuma, mashine inaingia vizuri kama nusu mita, halafu sauti inashuka na ile njia nyuma ya diski inaanza kufumba. Chanzo cha kwanza hapa kwetu ni mti wenyewe. Mbao nyingi za bei nafuu zinazoshuka Goma ni za mkaratusi, huu tunaouita ekaliptusi, na mkaratusi hukua ukiwa na mkazo ndani yake: sehemu ya nje ya gogo imevutika, ya katikati imebanwa. Ukiupasua kwa urefu unaufungua ule mkazo, na kila kipande kinaelekea kinakotaka. Vikiachana, una nafuu. Vikikaribiana, vinaikamata diski pande zote mbili. Tena mbao zetu mara nyingi zinauzwa mti ukiwa bado mbichi. Kandamiza ukucha, ukiona maji yanatoka, jua hiyo mbao bado haijaamua itakaa umbo gani.

Dawa yake ni kabari. Ukishapasua kama urefu wa mkono, zima, ngoja diski isimame, gonga kabari nyembamba kwenye njia uliyokata, kisha endelea. Mashine ikiwa na ule ubapa wa chuma unaosimama nyuma ya diski, usiutoe. Wengi huufungua siku ya kwanza wakidhani ni pambo la kiwandani, kumbe kazi yake ni hiyo hiyo ya kabari, na yenyewe haisahau.

Chanzo cha pili ni namna mbao ilivyolazwa. Kijana anaweka mbao juu ya mawe mawili, moja kila mwisho, anakata katikati. Uzito unaivuta mbao chini, juu panafumba kama mdomo. Tegemeza upande mmoja, karibu na mstari, na kipande kinachotoka kiachwe kianguke chenyewe. Kikiwa kirefu, mtu akishike kwa kukifuata kinavyoshuka. Ed-masoni, msaidizi wa mwashi, mwenye moyo wa kusaidia huwa anakiinua, na kuinua ndiko kunakofumba. Mwelezeni kabla ya kuwasha, maana mashine ikishalia hakuna anayesikia.

Cha tatu ni kina. Diski imeshushwa yote kwa sababu jana ilikata shevroni, mbao nene za paa, na leo hakuna aliyeirudisha. Jino linatakiwa kutokeza chini ya mbao kidogo tu, kama milimita 5. Diski ya milimita 190 ikishushwa yote kwenye mbao ya sentimita 2.5, kunabaki sentimita nne za meno zinazozunguka chini ya mbao, mahali ambapo vidole vya mshikaji hupenda kukaa na macho hayafiki.

Ikishabanwa, usiivute nyuma ikiwa inazunguka. Achia swichi, ishikilie hapo hapo mpaka isimame kabisa, chomoa, panua njia kwa kabari, ndipo uitoe.

Mashine inapiga teke

Kubanwa kusiposikilizwa, kinachofuata ni teke. Meno ya mbele ya diski hukata yakipanda juu. Ya nyuma huingia yakishuka ndani ya mbao. Mbao ikiyashika meno ya nyuma, diski haiwezi tena kuzunguka mahali pake, basi inaigeuza mbao kuwa barabara: mashine nzima inapanda juu na kuja kwako.

Tufanye hesabu kidogo. Diski ya milimita 190 ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, jino linakimbia karibu kilomita 200 kwa saa. Mtu mwenye macho mazuri na usingizi wa kutosha anahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde ili aanze kuitikia jambo. Katika muda huo, diski ya meno 24 imekwisha kupitisha meno 440 mahali pamoja. Yule anayekuambia "mimi nina mkono mwepesi" hajawahi kupiga hesabu hiyo.

Dalili zake hutangulia. Mashine inanyanyuka kisigino kidogo. Mstari unaanza kwenda kombo, na wewe unajikuta unaurudisha kwa kupinda kifundo cha mkono. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu kuurudisha mstari katikati ya mbao ni kuipindisha diski ndani ya njia ya milimita mbili tatu. Mstari ukipotea simama, rudi mwanzo, ingia upya.

Simama pembeni ya njia ya diski, siyo nyuma yake. Mikono yote miwili iwe kwenye mashine. Wangu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya mbao, nyuma ya njia, najidai naishikilia isicheze. Mbao ikihitaji kushikwa, ipigilie misumari miwili kwenye benchi au ibane. Msumari ukikatwa hauendi hospitali.

Harufu ya kuungua, pembe nyeusi, moshi mwembamba

Meno yamekwisha. Ni hivyo karibu kila mara. Diski butu haikati, inasugua, na mtu anajaza pengo hilo kwa kusukuma. Anayesukuma kwa nguvu ndiye huyo anayeanguka mbele mbao inapoachia ghafla.

Kwa nini yanakwisha upesi hivi Goma? Kwanza changarawe ya volkano. Mbao inalazwa chini kwenye kiwanja, inaokota chembe za lava, na chembe hizo zinalinoa jino kinyume. Ipige mbao kwa ufagio mgumu kabla ya kukata; ni nusu dakika. Pili ni mbao za kofraji, zile za kumwagia zege, zenye saruji iliyokauka. Tenga diski moja kuukuu kwa ajili yake, iandike kwa rangi, na usiiruhusu kugusa mbao za paa.

Tatu, misumari. Nyumba nyingi za mji huu ni za mbao juu ya mawe, na tangu lava ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, watu wanajua kwamba nyumba ya mbao inabomolewa hapa na kusimamishwa kule. Mbao moja imeshakuwa ukuta wa watu watatu. Kila mmoja aliacha misumari yake, na mwingine ulikatika kichwa ukabaki ndani, hauonekani. Diski ikiukuta, kipande cha jino kinaruka kama risasi. Mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Naiburuta taratibu juu ya mbao, upande huu na upande huu. Inapojibana, kuna msumari. Kijana wangu aliniuliza, "Papa, hiyo ni dawa?" Nikamwambia ipime mwenyewe. Mbao ya kwanza tu ilishika mara nne.

Mengine ya haraka: angalia diski haijawekwa kinyume (mshale uliochorwa kwenye diski ufuate mshale wa mashine), na utomvu uliogandama kwenye meno uoshe kwa sabuni na brashi baada ya kuivua diski. Diski ya meno 24 ni ya kupasua kwa urefu. Ukiiweka ya meno 60 kupasulia mkaratusi mbichi, itaungua hata ikiwa mpya, kwa sababu unga haupati pa kutokea.

Mashine inalia kinyonge, inachoka, inapata joto

Wengi wanakimbilia kununua makaa mapya ya mota, vile vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake, sokoni Birere. Makaa ni kweli huisha. Yakibaki chini ya milimita 5 au ukiona cheche nyingi zinazunguka kwenye matundu ya hewa, badilisha yote mawili pamoja. Lakini kabla ya kufungua mashine, fuata ralonji yako, ule waya wa kurefushia umeme, kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chukua mashine ya wati 1,400 kwenye volti 220. Inavuta ampea 6 na kidogo. Ipitishie kwenye waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, urefu mita 50. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za shaba: unapoteza volti kama 11 mashine ikikata kwa utulivu. Sasa diski ibanwe kidogo, ampea zipande mara tatu, na hasara ipande mara tatu vilevile. Volti zaidi ya 30 zimebaki njiani zikiupasha waya joto, wakati ule ule mashine inapozihitaji. Inapunguza mwendo, kila jino linang'ata kipande kikubwa zaidi, inabanwa zaidi. Kisha mtu anasukuma. Umeona sasa teke linavyoanzia kwenye ralonji.

Waya wa milimita 2.5 ya mraba kwa umbali huo huo unapoteza volti 4 na nusu tu. Ni ghali, najua, na kapita, msimamizi wa kazi, atakuuliza unautakia nini. Mwonyeshe kwa mkono: baada ya robo saa ya kukata, mwambie aushike ule waya mwembamba karibu na fishi. Ukiwa vuguvugu kama chai ya kuachwa, jibu amelipata. Na ralonji iliyoviringwa kwenye gurudumu lake ifunguliwe yote, kwa sababu joto lake halina pa kwenda.

Kwenye grupu ndogo, yaani jenereta, ni hivyo hivyo. Kama taa ya shantie inafifia kila unapowasha msumeno, grupu haiutoshi. Ed-masoni anayechemshia maji kwenye grupu hiyo hiyo aambiwe angoje.

Umeme umekatika, mashine kimya

Dalili hii haina kelele, ndiyo maana inakata watu. Uko katikati ya mbao, umeme unakwenda. Mashine yako ina kile kitufe cha kukaza swichi, na ulikuwa umekikaza ili kidole kisichoke. Unaiweka mashine chini, unaenda kutafuta maji, mwenzako anaiokota. Umeme unarudi mikononi mwake.

Chomoa fishi pale pale umeme unapokatika, kabla hata ya kutukana. Kitufe cha kukaza swichi usikitumie kamwe kwenye msumeno wa mkononi.

Kifuniko cha chini hakirudi

Jaribio lake ni dogo. Fishi nje, shika mashine hewani, vuta kifuniko juu, kiachie. Kinatakiwa kurudi kwa "tak" moja. Kikirudi polepole, kuna unga na utomvu kwenye ekseli yake. Safisha kwa brashi kavu, usitie mafuta ya injini, yanaokota unga upya. Kikibaki nusu, springi imechoka au kifuniko kimepinda kwa kuanguka. Kisiporudi kabisa, tafuta waya.

Nasema tafuta waya kwa sababu ndio ugonjwa unaoongoza. Kifuniko hukwama kwenye kona ya mbao unapoanza kukata kwa mshazari, fundi anakasirika, anakifunga juu. Kuanzia hapo, kila anapoishusha mashine miguuni, meno yanazunguka wazi kwa sekunde kadhaa baada ya swichi kuachiwa. Kuna majeraha ya paja na ya mguu ambayo hayakutokea wakati wa kukata. Yalitokea mtu alipokuwa ameshamaliza. Kama kinakwama kwenye mshazari, kiinue kwa kile kishikio chake mpaka diski iingie, kisha kiachie.

Meleze iliyovaa diski ya meno

Hapa sina dalili ya kukupa, maana dalili ni kuiona tu. Meleze, ile mashine ndogo ya kukatia chuma, inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski nyingi za meno ya mbao zimeandikiwa mwendo mdogo kuliko huo. Soma namba iliyochapwa juu yake. Meleze haina sahani ya kulalia juu ya mbao, haina ubapa wa nyuma, na mara nyingi kifuniko chake kimetolewa ili diski kubwa ienee. Jino moja likikamata, inageuka mkononi na kupanda kuelekea shingo na uso.

Nimeona vijana wakichonga nayo ngazi na hata vipande vya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kazi inatoka safi. Hilo ndilo linalowadanganya. Mtu ameitumia miezi minane bila mkwaruzo, basi anafikiri ameijua. Mimi shantieni kwangu ikiingia na diski ya meno, naivua, naiweka mfukoni, na mwenye nayo anaichukua jioni akienda nyumbani.

Msumeno wa meza uliotengenezwa kienyeji

Mota, mkanda, meza ya mbao, diski imechomoza katikati. Vipo kila mtaa. Dalili mbaya kuliko zote ni mkanda unaoruka au kuteleza, kwa sababu anayeurekebisha huwa haichomoi mota. Funika mkanda kwa sanduku la mbao. Na tengeneza kijiti cha kusukumia chenye mkato mwishoni, urefu kama wa kiganja na mkono wa chini, kining'inizwe kwa kamba kwenye meza yenyewe. Kikiwa mbali hakitumiki. Shubiri moja ya mwisho kabla ya diski isipitiwe na vidole vya mtu.

Glavu hapo usivae. Uzi mmoja ukishikwa unaleta mkono wote. Na zile kamba za kofia kwenye majaketi ya mitumba tunayovaa asubuhi kwa baridi ya ziwani, zikate au ziingize ndani.

Mikono ganzi, masikio yanalia, kikohozi

Haya ni majeraha pia, ila hayatoi damu. Masikio yakilia jioni, kelele ilizidi. Msumeno wa diski unafika desibeli 100 hivi, na kwa kelele hiyo robo saa kwa siku inatosha kuanza kuharibu. Vizibo vya povu ni bei ya soda. Vidole vikiwa vyeupe na ganzi, diski imepinda au imelegea, au umeishika mashine siku nzima bila kupumzika. Unga wa mbao usiuvute: vaa barakoa, na simama upepo unakotoka.

Mkono umekatwa: soma jeraha

Zima, chomoa, kisha mtu. Kwa mpangilio huo, hata kama anapiga kelele. Nimeona mwokoaji akikanyaga mashine inayozunguka bado.

Damu inachirizika nyeusi, polepole: weka kitambaa safi kilichokunjwa, kandamiza kwa kiganja dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu. Mkono uwe juu ya moyo.

Damu nyekundu inaruka kwa mapigo, au kitambaa hakizuii: funga juu ya jeraha kwa kitu kipana kama vidole vitatu, mkanda wa suruali au kipande cha kitenge, sentimita 5 hadi 7 juu, siyo juu ya kiungo. Zungushia kijiti, kaza mpaka damu isimame, uandike saa kwenye ngozi yake kwa kalamu. Waya na kamba nyembamba hukata mishipa ya fahamu. Ukishakaza, usilegeze njiani, daktari atalegeza.

Jeraha dogo lakini kidole hakikunji ncha: shikilia kiungo cha katikati kikiwa kimenyooka, mwambie akunje ncha peke yake. Isipokunja, kano imekatika. Ngozi upande mmoja wa kidole ikiwa haisikii ncha ya kijiti, mshipa wa fahamu umekatika. Kidole kikiwa cheupe na baridi, mshipa wa damu. Majeraha haya huonekana ya kushona nyuzi tatu na kurudi kazini mchana, na ndiyo yanayoacha kidole kigumu milele. Mwambie muuguzi ulichokiona kabla hajaanza kushona. Mwambie pia kwamba ni msumeno: diski haikati tu kama kisu, inaondoa nyama ya upana wake, na ndani kunabaki unga wa mbao wa kuoshwa.

Kipande kimetoka: kioshe kidogo kwa maji safi, kifunge kwa kitambaa safi kilicholowanishwa, kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge, kisha mfuko huo uingie kwenye chombo chenye maji na barafu. Barafu utaipata kwa mama anayeuza soda baridi. Kipande kisigusane na barafu yenyewe, wala kisitiwe pombe. Kidole kilichopozwa hivyo kinaweza kuvumilia hadi saa 24, kisichopozwa kama 12. Kiganja au mkono wenye nyama nyingi, saa 6 tu bila baridi. Daktari wa kuunga mishipa kwa hadubini hapatikani kila hospitali, lakini kipande kipelekwe hata hivyo, maana ngozi yake inaweza kutumika kufunika jeraha.

Kipande cha mbao kimezama ndani ya nyama au jichoni: usikitoe. Kwa jicho, kata kitako cha chupa ya plastiki, kifunike kama kikombe bila kugusa jicho, umpeleke. Asisugue.

Kwenye pikipiki, majeruhi akae katikati, motari, yaani dereva, mbele na mwenzake majeruhi nyuma akimshikilia, mkono uliokatwa juu. Asipande peke yake. Watu huzimia kwenye makutano ya Rond-point Signers kama wanavyozimia popote. Na jamani, kahawa, dawa ya meno, petroli na majivu visiguse jeraha. Nani alianzisha hilo sijui, lakini kila shantie ina mtaalamu wake.

Siku zinazofuata

Wekundu unaosambaa, harufu, usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda mkononi: rudi hospitali siku hiyo hiyo. Taya kukaza, shingo ngumu, shida ya kumeza, hata jeraha likiwa limeshafunga: hiyo inaweza kuwa pepopunda, ambayo kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21. Chanjo idaiwe siku ya kwanza. Jeraha chafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji nyingine. Asiyekumbuka alichanjwa lini ahesabiwe hajachanjwa.

"Mimi ni wa siku kwa siku, sina haki": hili nalo ni tatizo lenye chanzo chake, nacho ni kutoandika. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema aliyefanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Na kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mchango wa tawi la ajali za kazini unatoka kwa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako. Kwa hiyo nunua daftari la kurasa 32. Kila jioni andika tarehe, mahali, jina la kapita, ulicholipwa. Siku ya ajali andika saa, mashine gani, nani aliona, na uombe karatasi ya daktari yenye tarehe. Mimi sikuwa na daftari. Mwenye nyumba alilipa bandeji na usafiri, akanipa na soda.

Kidole kisichokunja wiki chache baada ya kushonwa: muulize daktari lini uanze kukinyoosha, kisha ufanye kila siku, kwa maji ya vuguvugu, hata kikiuma kidogo. Kikiachwa kwenye bandeji miezi miwili hakirudi. Kipande kilichobaki kuuma kwa baridi ni kawaida. Changu bado kinaniamsha asubuhi za Julai upepo ukitoka ziwani, navaa soksi ya mtoto juu yake. Lakini ukigusa sehemu moja ndogo na ikakurusha kama umeme mpaka kwenye kiwiko, huo ni mshipa wa fahamu uliokatwa ukaota kifundo. Hakiponi kwa kuzoea. Kinatolewa, na mimi nilichelewa miaka minne kuuliza.